Picha ya Nyumba ya Mfano

Tarehe 3 Machi

Shangazi,

Shikamoo.

Nina jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja. Nyumba uliyoiona kwenye picha si yetu. Haijawahi kuwa yetu hata siku moja.

Basi nimeshaandika. Karatasi za kwanza nilizichana, hii siichani.

Unaikumbuka ile picha: Baba ameinua ufunguo juu kama ameshinda kombe, Mama ameegemea kochi la kijivu, mimi nimesimama dirishani natabasamu. Umesema umeitia fremu, ipo ukutani juu ya cherehani yako, na wateja wako wote wameshaisifia. Shangazi, ile ni nyumba ya mfano. Kampuni iliijenga peke yake pale getini ili wanunuzi waone zao zitakavyokuwa. Televisheni yake ni boksi. Vitabu vya rafuni ni majalada matupu. Machungwa na zabibu kwenye bakuli la mezani ni plastiki. Nilifungua bomba la jikoni nikapata hewa.

Siku ile ndiyo tuliyoahidiwa ufunguo, kwa maandishi. Tulivaa vizuri. Tukafika, yule afisa mauzo (mimi namwita Bwana Meno, kwa sababu anayaonyesha yote hata akikupa habari mbaya) akasema kuna kuchelewa kidogo tu, wiki chache. Akasema, lakini maadamu mmependeza hivi, ingieni hapa mpige picha, mwende na kumbukumbu. Akamwazima Baba ufunguo kutoka mezani kwake. Baada ya picha akauomba tena. Jioni hiyo Baba akakutumia picha na maneno mawili: "Dada, tumeingia."

Hiyo ilikuwa mwaka juzi. Zile wiki chache bado hazijaisha.

Mwaka jana ulipoomba vipimo vya madirisha ushone mapazia, Baba alirudi kule na futi kamba, akapima madirisha ya nyumba ya mfano, akapiga picha nyingine ya sebule ili uone rangi za kulinganisha. Mama akamwambia, "Uongo huu ni wako, mimi usinitie mdomoni." Lakini hata yeye hajakuambia. Mapazia yako yapo chini ya kitanda changu, kwenye mfuko wake.

Bado tunaishi vile vyumba viwili nyuma ya ofisi ya shule ya udereva. Kodi tunalipa, na kampuni tunailipa kila mwezi. Mama anachukua zamu za wauguzi wenzake ili zifike zote mbili. Baba anaendelea kufundisha watu kurudi nyuma bila kugonga kitu.

Nakuambia leo kwa sababu umeandika kwamba umempa mwenye duka notisi, macho yamechoka na sindano, na mwezi wa sita unahamia kwenye chumba chako. Ni chako kweli, maana ulimwachia Baba fungu lako la pesa ya kiwanja cha babu na bibi kilipouzwa ili achanganye na lake, naye akakuahidi chumba. Nilipofika kwenye hayo maneno nikaona nikinyamaza tena nitakuwa nimeshiriki.

Usinipigie. Simu ni ya Baba na anasoma kila kitu. Halafu unanijua, nikishika simu ulimi unakauka. Mpe jibu huyu mama wa vitambaa aliyekuletea barua, nitalifuata kibandani kwake nikitoka shule.

Ni mimi,
Sisimizi wako


Tarehe 11 Machi

Wewe Sisimizi,

Marahaba.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Nikashika mkasi. Nikauweka chini, kwa sababu mteja alikuwa ameingia na masikini hakuwa na kosa lolote.

Mapazia! Kitambaa kizito, pindo la mkono, vidole vimetoboka kama chujio, kumbe navalisha madirisha ya tangazo! Na huyu mdogo wangu akaniandikia, "Dada, yameenea kama yaliyozaliwa humo." Yaliyozaliwa humo! Tangu mtoto yuko hivyo hivyo. Akivunja kikombe anakirudisha kabatini, upande mzima mbele, halafu anakaa anaomba Mungu wageni wasije.

Nilitaka kumpigia nimwambie maneno ambayo hata mwenyewe sikujua kama ninayo. Nimejizuia. Nikimpigia atajua ni wewe, atakufokea wewe badala ya kumfokea huyo Meno wenu. Halafu nataka hasira yangu ikae sawasawa. Mdogo wangu amenidanganya, lakini hao wamemla. Sitaki akijificha yeye na wao wapate kivuli.

Sasa sikiliza. Humo ndani aliyesomeshwa lugha mbili ni wewe. Mkataba uko kwa lugha gani? Kama ni hiyo yenu ya shuleni, basi baba yako alitia sahihi kitu alichokitazama tu kama picha. Utafute, uusome. Wakichelewa inakuwaje? Haiwezekani watu waandike tarehe halafu tarehe iwe pambo. Mimi nikichelewesha gauni la harusi nakatwa pesa na kutukanwa juu, na bibi harusi ananikata jicho mpaka anazeeka.

Usinisikitikie, siipendi hiyo. Notisi imeshatoka na chumba cha duka kimeshapata mtu, binti msusi, ameanza kuleta vioo vyake kabla mimi sijatoa meza. Nakanyaga cherehani huku najiona uso pande zote, nilivyonuna.

Soma huo mkataba.

Shangazi yako


Tarehe 24 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimeusoma. Nimeona na kitu kingine, na itabidi unijibu.

Mkataba ulikuwa kabatini kwenye mfuko wa plastiki, bado umenyooka kama siku ya kwanza. Nilisubiri Baba atoke na mwanafunzi wake. Ni lugha ya shule, na hata ya shule si hivi, sentensi moja inachukua nusu ukurasa. Nilikaa na kamusi. Nakupa kwa maneno yetu.

Nyumba ikichelewa zaidi ya miezi sita baada ya tarehe iliyoandikwa, uamuzi ni wa mnunuzi. Anaweza kuvunja mkataba arudishiwe pesa yake yote pamoja na riba. Au anaweza kuendelea kusubiri, na kampuni imlipie kodi ya pale anapoishi mpaka siku ya makabidhiano. Na makabidhiano yamefafanuliwa, Shangazi, ukurasa wa nne: maji yatoke, umeme uwake, kiwepo cheti cha manispaa cha kuruhusu watu kuhamia, na mnunuzi awe ameikagua nyumba na kuandika kwamba ameridhika. Kupewa ufunguo peke yake si makabidhiano.

Yaani muda wote huu Mama anachukua zamu za wenzake, kodi ilikuwa ya kulipwa na wao! Ipo kabatini kwetu, imeandikwa, wametia sahihi. Baba anaamini ukisubiri kwa adabu utaonekana mteja mzuri.

Nilijaribu kusema wakati wa chakula.

"Baba, mkataba unasema..."

"Kula."

"Mwache aseme," Mama akasema.

"Mikataba ni mambo ya watu wazima."

"Watu wazima wepi? Wewe unayekwenda na futi kamba kupima madirisha ya watu?"

Nikacheka. Sikukusudia, kilinitoka. Nikafukuzwa mezani, na sahani yangu ikabaki.

Halafu kampuni ikamwita Baba aende kuchukua ufunguo. Akanibeba nikamsomee. Sasa ndiyo nakuja kwenye kile kitu. Pale mapokezi kuna ukuta wameandika "Wateja Wetu Wanasema". Katikati pana picha yetu, kubwa kama dirisha, na pembeni yake barua kwenye fremu ya dhahabu. Nilijua mwandiko kabla sijasoma neno. Hakuna mtu mwingine duniani anayeandika K iliyofunguka kama mkasi.

"Mimi ni dada wa mnunuzi wenu. Nawashukuru kwa kumkabidhi mdogo wangu nyumba yake siku ile ile mliyoahidi. Siku hizi waaminifu ni wachache."

Shangazi! Uliwaandikia lini? Mbona hukuniambia?

Baba naye aliiona. Alisimama kama mwanafunzi wake amepanda ukuta wa mtu na gari. Bwana Meno akatoka na mikono wazi, "Karibu mzee wetu wa ukutani!" akatumiminia maji ya baridi, akaweka karatasi mezani. Nikasoma. Nilipofika mstari wa mwisho nikaurudia mara mbili.

"Inasema nini?" Baba akauliza.

Nikamnong'oneza: ukitia sahihi umekubali kwamba nyumba imekamilika na huna dai lolote la kuchelewa.

"Ni utaratibu tu, binti," akasema Meno. "Shuleni hawajawafundisha utaratibu?"

"Lakini mmechelewa," Baba akasema, taratibu, kama anayeomba radhi.

"Kuchelewa kupi, mzee?" Akaonyesha ukutani kwa kalamu. "Dada yako mwenyewe ametushukuru. Na huyu aliyeshika ufunguo ni nani, si wewe? Mkienda popote, hivi ndivyo tutakavyoonyesha."

Alisema kwa upole kabisa. Nilitamani anifokee, ningejua pa kuiweka hasira.

Tukapelekwa kuiona nyumba. Ufunguo ulifungua mlango vizuri sana. Ndani jikoni hakuna sakafu, bomba limefungwa na mfuko wa plastiki, nyaya zinaning'inia. Chumba chako hakina kioo dirishani, na kwenye pembe moja mafundi walikuwa wamekoroga saruji ikagandia papo hapo. Nilitaka kuuliza, "Cheti cha manispaa kiko wapi?" Swali lilikuwa mdomoni limekamilika, na nukta yake. Likabaki humo humo. Nauchukia mdomo wangu.

Baba akaomba muda wa kufikiri mpaka Ijumaa tarehe 5. Tukiwa garini akasema, wala hakunitazama, "Nikitia sahihi, fundi wangu mwenyewe atamalizia kidogo kidogo. Mwezi wa sita dada atakuta nyumba. Hatajua."

Umeelewa, Shangazi? Yuko tayari kusamehe kila kitu, kodi, riba, haki ya kuvunja mkataba, ili wewe usijue. Na wewe unajua! Na mimi siwezi kumwambia kwamba unajua. Nimekasirika mpaka taya linauma. Niambie nifanye nini.

Sisimizi


Tarehe 25 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na macho yanaendelea vizuri. Sisi hatujambo.

Nimeona nikuandikie kwa sababu simu yangu inasumbua siku hizi, sauti inakatika.

Ningekuomba usiharakishe sana kuhamia. Mwezi wa saba au wa nane itakuwa vizuri zaidi. Nimeweka mafundi wanapaka upya chumba chako, ile rangi ya maziwa uliyoipenda, na harufu ya rangi si nzuri kwa kifua chako. Mapazia yamependeza mno, kila anayeingia anauliza fundi ni nani.

Kuna karatasi za mwisho nazimaliza na kampuni Ijumaa ijayo, kisha kila kitu kitakuwa sawa.

Jingine, si muhimu. Hivi uliwahi kuwaandikia kampuni barua yoyote? Nauliza tu.

Mtoto anakusalimu. Amekuwa mkimya kupita kawaida, nadhani ni mitihani.

Mdogo wako


Tarehe 30 Machi

Mdogo wangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba hupati leo.

Rangi ya maziwa! Huna hata haya.

Kaa chini. Kama uko kwenye lile gari lako, vuta breki ya mkono. Najua. Na usianze kumtazama mkeo wala mtoto wako, hakuna aliyeniambia. Picha zako zenyewe zimekusema. Ile ya kwanza, ya ufunguo, nyuma yako kuna bakuli la machungwa na zabibu. Ile ya mwaka jana ya sebule, bakuli lile lile, machungwa yale yale, na ile zabibu moja iliyodondoka pembeni bado imelala pale pale. Mimi natazama pindo na mishono tangu wewe unanyonya, utanificha zabibu? Nyumba gani watu wanaishi mwaka mzima hawajala tunda?

Ndiyo, niliwaandikia. Anwani niliikuta imechapwa pembeni ya ile picha. Nilitoa kalamu yangu nzuri, nikajiona dada wa mtu mwenye nyumba, nikawashukuru. Tulilelewa hivyo, mtu akikutendea wema unamwandikia. Sasa naambiwa... sasa nahisi wanaweza kuitumia barua hiyo kukufunga mdomo. Wewe ulidanganya, mimi nikaja nikakushuhudia. Wapumbavu wawili wenye adabu nzuri.

Basi nimeandika nyingine, imo ndani ya bahasha hii. Nimesema sijawahi kukanyaga nyumba hiyo, kwamba niliwashukuru kwa kuamini picha, na kwamba shukrani zangu nazichukua zote, za mwisho mpaka za kwanza. Nimetia sahihi na dole gumba juu yake. Mpe wakili. Pale hospitalini kwa mkeo najua kuna ofisi ya msaada wa sheria wanaosikiliza watu bure, hata mimi niliye mbali nimeisikia.

Usitie sahihi karatasi yao. Sikuombi. Chumba kile nimekilipia kwa fungu langu la kiwanja cha baba na mama, kwa hiyo ukishika kalamu Ijumaa umeshika na mkono wangu, na mimi mkono wangu sikukupa.

Ulikuwa unaogopa nisije nikajua. Nimejua, na nimekasirika, na nitaendelea kukasirika kwa muda nitakaoupanga mimi. Haya, limekwisha hilo. Limebaki la kuwakasirikia wao, na hapo nakuomba uanze mara moja, umechelewa kuliko hata nyumba.

Dada yako


Tarehe 28 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa kwa sababu nilitaka kwanza nijue mwisho wake, na mwisho wenyewe umeachwa kwako.

Barua yako Baba aliisomea kwenye gari la mafunzo, mbele ya ofisi. Nilimwona kupitia dirishani. Alisoma, akaikunja, akaikunjua, akawasha taa zote za tahadhari kama gari limeharibika barabarani, akakaa humo. Mwanafunzi wake alikuja akagonga kioo, akaondoka. Baadaye akaingia ndani akamwambia Mama, "Dada amejua. Ni yale matunda." Mama akasema, "Asante matunda." Tarehe 5 hakwenda kwa Meno, alikwenda na Mama kwenye ile ofisi ya msaada wa sheria, na mimi nikabeba mkataba na tafsiri yangu.

Wakili wetu ni dada mmoja kijana tu, anavaa viatu vya mpira na faili analibeba kwenye mfuko wa sokoni. Alipousoma mkataba alimuuliza Baba swali moja: "Muda wote huu mlikuwa mnasubiri nini?" Baba akaupokea mkataba akaanza kuunyoosha. Wakili akatuambia hatuko peke yetu, amepokea wanunuzi wengine wa kampuni ile ile, na kesi zitasikilizwa pamoja mbele ya baraza la malalamiko ya nyumba. Zimesikilizwa Alhamisi iliyopita.

Ukumbi ulijaa. Wakili akamwomba mwenyekiti kifungu cha makabidhiano kisomwe, kisha, msaliti huyo, akanigeukia mimi. "Binti ameshakitafsiri, asome lugha zote mbili." Nilisoma nimeegemea meza, kwanza lugha ya shule, sauti inakwaruza kama jogoo anayejifunza. Watu walinitazama kwa heshima tu, kama wanavyotazama mahubiri wasiyoyaelewa. Halafu nikasoma kwa Kiswahili. Maji yatoke. Umeme uwake. Kiwepo cheti. Mnunuzi akague aandike ameridhika. Kampuni ikichelewa imlipie kodi. Nikasikia viti vinalia nyuma yangu. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Hiyo imo? Imo kwenye yangu mimi?" Mwingine akamjibu, "Si umetia sahihi!" Na yeye akasema, "Nilitia sahihi, nani alinisomea?" Wakaanza kusema wote kwa pamoja. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, akagonga meza mpaka wakatulia.

Ndipo wakili wa kampuni akasimama na picha yetu. Walikuwa wameibandua ukutani na fremu yake.

"Mzee, huyu ni nani?"

"Ni mimi," Baba akasema.

"Mkononi umeshika nini?"

"Ufunguo."

"Na hii barua ni ya dada yako wa tumbo moja?"

"Ndiyo."

"Sina swali jingine," akasema yule, akakaa, akarekebisha tai.

Baba alibaki amesimama. Nilidhani amekwisha. Kisha akasema, na hakusema kwa ujasiri, Shangazi, alisema kwa hasira, kama mtu anayeng'oa jino lake mwenyewe, huku akimwonyesha Bwana Meno kwa kidole. "Ufunguo ulikuwa wake yule pale. Aliniazima, akauchukua. Nyumba ni ya tangazo. Mimi nilikuwa nimevaa suti na nyumba sina. Pesa ilikuwa ya dada yangu. Niliona aibu, nikamdanganya kwa hiyo picha, na yeye kwa uungwana wake akawashukuru hawa. Walijua! Waliipokea ile barua wanajua nyumba haina sakafu, wakaitia fremu!"

Halafu mwanamke mmoja nyuma akacheka, kicheko kibaya kilichochanganyika na kilio, akainua simu yake juu. "Kochi la kijivu," akasema. "Hata mimi. Nilimtumia mama mkwe wangu." Mzee yule wa kwanza akatoa picha mfukoni mwa koti, amekaa kwenye kochi hilo hilo na wajukuu. Akainuka kijana na mchumba wake. Akainuka mwingine. Wote wameshika ufunguo juu, Shangazi, ule ule mmoja wenye utepe mwekundu, na nyuma yao bakuli. Kumbe kila familia mle ndani ilikuwa imemdanganya mtu kwao. Kila mmoja alidhani aibu ni yake peke yake, ndiyo maana hakuna aliyemuuliza mwenzake, na kampuni ikalala usingizi juu ya aibu zetu.

Mwenyekiti akaagiza picha zote zipangwe mezani, na wakili wetu akaweka juu yake barua yako ya pili, ile yenye dole gumba. Akazitazama moja moja. Akavua miwani. "Naomba kampuni inieleze," akasema, "kochi hili mmekabidhi familia ngapi?"

Bwana Meno alikuwa amefunga mdomo. Sikuwahi kumwona amefunga.

Uamuzi ulitoka siku hiyo hiyo jioni. Picha na barua si makabidhiano. Karatasi zao za kusema huna dai hazina nguvu kwa nyumba isiyo na cheti, hata kwa wale waliokwishatia sahihi. Kila mnunuzi achague mwenyewe, pesa yote na riba, au kusubiri huku akilipwa kodi, kuanzia pale walipochelewa. Kampuni imesema itakata rufaa. Wakili wetu kasema wakate, lakini sisi tupeleke chaguo letu kabla ya mwezi wa tano kwisha.

Tulipokuwa tunatoka Meno akamsogelea Baba, "Mzee, umejiaibisha bure mbele za watu. Tungemalizana vizuri." Baba akamwambia, "Toka kwenye njia yangu." Basi. Alivyosema, nilitamani ungekuwepo.

Usidhani nimefurahi. Nilifurahi siku ile, kesho yake hasira ikarudi. Naona Baba anapiga gumzo na wale wanunuzi wengine, wanaoneshana picha, wanacheka, amekuwa mtu maarufu. Mama bado hajaambiwa pole kwa zile zamu. Mimi bado sijaambiwa chochote. Anamweleza kila mtu, "Dada yangu ana macho! Aliona zabibu moja!" na mimi nakaa hapo na ukweli wangu tumboni. Sijui kama nitamwambia ni mimi. Siku nyingine nataka nimwambie kwa nguvu, mbele ya wageni wake. Na mimi mwenyewe najichukia kwa kitu kimoja: hakuna aliyeniambia nitabasamu kwenye picha ile. Nilijua bomba linatoa hewa, nikatabasamu.

Sasa chaguo. Mama anataka pesa. Amesema hata wakimaliza leo hataweza kulala kwenye kuta za watu wale. Baba anataka kusubiri, anasema tumeshakaribia, na anajua akisema hivyo Mama anatoka nje. Wakabishana mpaka Mama akasema, "Mbona tunabishana? Pesa hii si yetu peke yetu." Kwa hiyo ni wewe, Shangazi. Baba anatakiwa akuulize na hajui aanzie wapi, tangu Ijumaa anaanza barua anatupa. Mimi kura yangu ni pesa, nisilione tena lile geti. Lakini usinifuate mimi, chagua lako, na ukichagua lisemwe na wewe mwenyewe, mtu asije akakusemea tena.

Vyovyote utakavyoamua, mwezi wa sita njoo. Chumba hakipo. Kitanda changu kipana, cherehani itakaa ofisini kwa Baba, amekubali mwenyewe kuhamisha ubao wa alama za barabarani. Utamfokea kwa zamu na Mama. Nakuomba tu usiniache mimi peke yangu na

Baba anakuja. Namjua kwa viatu. Amesimama nje ya mlango, ana karatasi mkononi, naisikia anavyoikunja.

"Mwanangu, una kalamu? Nataka unisaidie kumwandikia shangazi yako. Nataka tuanze na kumwomba radhi. Inaandikwaje hiyo?"

Kitasa kinazunguka. Naiweka ndani ya kitabu cha kemia.